Serumu ya Chumba cha Nyuma

14 Septemba 1992, Jumatatu

Patron wetu, Papa Birindwa, amerudi toka Kinshasa. Aliniita ofisini na kufunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Mama Perpétue, unamukumbuka Barthélemy? Mwenye depo ya dawa kule Limete?"

Nilimkumbuka. Alipita Goma mwaka juzi, akasifu sana sambaza zetu, vile vidagaa vya ziwani.

"Askari walipopora mwaka jana, walibeba dawa zake zote. Hiyo haikumumaliza, dawa unanunua tena. Lakini walibeba na ordinatere. Kesho yake hakujua tena hospitali gani iko na nini, dawa gani imeoza, nani alimuomba nini. Kila mutu akamuambia yake. Akafunga. Sasa anauza mikate pamoja na bibi yake."

Akachezea funguo.

"Niandikie mupango wa siku hiyo. Usiandike 'ikitokea'. Andika sawa vile imekwisha kutokea, na weye umefika hapa asubuhi, hakuna kitu."

Mimi ndiye ninayeshika mashini hiyo, kompyuta yetu. Nilifundishwa Bujumbura, na hapa Établissements Birindwa hakuna mwingine anayeijua. Ndani yake mna kila katoni ya dawa iliyoingia na zahanati ilikoenda, kutoka hapa mjini mpaka Masisi, Rutshuru na Vitshumbi. Nimerudi mezani, nimeandika: "Nimefika asubuhi, hakuna kitu." Mstari wa pili umenishinda. Mvua imenikuta nimekaa vilevile.

16 Septemba

Mvua. Umeme ulikatika mara mbili.

3 Oktoba, Jumamosi

Mpango umeanza, walau nusu yake. Kila Jumamosi ninanakili kila kitu kwenye disketi, seti mbili. Moja inabaki kwenye droo yangu. Nyingine ninaivusha mpaka mwenyewe hadi Gisenyi, Rwanda, kwa shangazi yangu Athanasie, naye anaificha kabatini chini ya vitenge vyake. Wanyarwanda wana vita vyao huko juu, lakini angalau askari wetu hawatavuka kwenda kupora kabati la shangazi.

Leo nilipokuwa nikizifunga kwenye plastiki, Zéphirin alisimama mlangoni. Zéphirin ndiye mkubwa wa stoo, mtu wa milima ya Masisi, kimo kama nguzo ya umeme, maneno yake machache.

"Zinaenda wapi hizo, Mama Perpétue?"

"Kwa mapadri," nikasema.

Nimemdanganya. Mdogo wake, Paulin, ni askari wa kambi ya Katindo. Mtu ambaye ndugu yake ana bunduki, na bunduki haijalipwa, simwambii kitu.

10 Oktoba

Paulin alikuja kumwona kaka yake. Alikaa juu ya katoni za kwinini, akazungusha macho: jenereta, firigo ya insulini, mashini yangu. "Muko vizuri hapa," akasema. Mkono wangu ulikuwa juu ya kibodi na sikuweza kuandika hata herufi moja mpaka alipotoka.

17 Oktoba

Teleksi imeingia kutoka kwa wale wanaotuuzia serumu za kutundika, maji yanayoingizwa kwenye mshipa wa mgonjwa. Mafungu manne yaliyopikwa kiwandani mwao yana uchafu ndani. Mgonjwa akiwekewa anapata homa ya kutetemeka, damu inaharibika, anakufa. Kwa macho huoni kitu, maji ni meupe kama ya mafungu mengine. Tofauti ni namba ya loti, yaani ya fungu, kwenye lebo, tarakimu kumi na moja.

Nilipiga zile namba nne kwenye mashini. Ikanionyesha: Rutshuru, Kirotshe, zahanati mbili za hapa mjini. Na basi. Zéphirin alipanda lori mvua ikinyesha, akaenda kuzirudisha zote.

24 Oktoba

Serumu mbaya zimerudi, hakuna mgonjwa aliyekuwa amewekewa. Zimejaa chumba cha nyuma. Zéphirin amechora misalaba ya chaki kwenye katoni.

"Tuzimwage leo leo," akasema. "Miye na wewe, tunakata vifuniko, inaisha."

"Haiwezekani. Mkaguzi wa afya lazima ashuhudie na kusaini."

"Na akichelewa?"

"Tutamngoja."

Akafunga mlango wa chumba na kunipa ufunguo. Nilifikiri: anataka ziharibiwe bila shahidi, nusu aziuze. Ndivyo nilivyofikiri.

2 Novemba

Risasi kambini tangu asubuhi mpaka saa nne. Ninakaa Katindo, nyuma tu ya ukuta wa kambi. Nililala chini ya kitanda. Nilishukuru watoto wangu wako Bukavu kwa mama yangu. Baadaye wakasema askari walikuwa wakipiga hewani, wakidai mishahara. Nilikwenda kazini na vumbi la saruji kwenye nywele.

9 Novemba

Patron amehamisha familia yake Bukavu kwa boti. Leo naye amewafuata. "Siku chache tu," amesema. "Mupango uko kwako." Alichukua mapazia ya ofisi. Siku zote nilimwona kuwa ndiye mtu asiyetikisika hapa. Leo nilimwona akikunja mapazia, mikono ikikosa kukutana.

Mkaguzi hajaja. Nimemwandikia tena.

14 Novemba

Leo nimejifunza kitu cha kutisha kuliko risasi.

Shangazi Athanasie anasali pamoja na karani wa kiwanda kimoja cha chai kule Gisenyi, Bwana Nsanzimana, mwenye mashini kama yangu. Nilimwomba anisaidie kujaribu disketi, nione kama zinafunguka. Alikubali wakati wa chakula cha mchana. Ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilifunguka. Ya tatu ilikwaruza, ikakwaruza, kisha maneno yakatokea kwenye kioo kwamba haisomeki, na bila ya tatu zile mbili hazina kazi.

"Unyevu," akasema. "Mliiweka wapi?"

Kwa wiki zote hizo nilikuwa ninavusha mpaka na moyo mkononi, nikibeba plastiki isiyo na kitu. Kama wangekuja jana, tungekuwa kama Barthélemy.

21 Novemba

Nimenakili upya, nimejaribu upya kwa Nsanzimana. Zote zinafunguka. Shangazi amezihamishia kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na mchele mkavu.

28 Novemba

Zéphirin amekuja na neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema.

"Mupango wako unasema tutakumbuka kila kitu. Ni vizuri. Lakini tutafanyia kazi wapi? Mama yangu iko na nyumba mutaa wa Majengo, chumba cha pembeni hakina mutu. Tupeleke kule dawa kidogo za lazima, na ile firigo ndogo ya mafuta ya taa. Depo hii ikianguka, asubuhi watu wa insulini watatupata."

Ilikuwa kweli tupu. Nilikuwa nimewaza habari za mashini tu, sikuwaza wagonjwa wangebisha mlango gani.

Nikamwambia hapana. Nilimwambia patron ndiye anayeweza kuamua.

"Patron iko Bukavu."

"Basi tungoje."

"Mama Perpétue, juu ya nini unaniogopa?"

Nilijifanya kutafuta kalamu.

5 Desemba

Mvua. Mkaguzi hajaja. Chumba cha nyuma kinanuka ukungu.

12 Desemba

Paulin alipita barabarani na wenzake, hakuingia. Ilinitisha kuliko kama angeingia.

18 Desemba

Simu ya Bukavu haipatikani. Wenye maduka wa mtaa wa Birere wanafunga saa saba mchana. Wahindi wamevuka Gisenyi na magodoro juu ya magari.

21 Desemba, Jumatatu. Ninaandika tarehe 22, Majengo

Jana asubuhi Paulin alikuja depo bila unifomu, amevaa suruali ya michezo na kofia. Alizungumza na kaka yake nje kwa Kihunde, lugha ya kwao, haraka, kisha akaondoka karibu anakimbia. Zéphirin aliingia na kuweka mikono yake miwili juu ya meza yangu.

"Ni leo. Wataanzia uwanja wa ndege, watashuka Birere. Mbele ya saa sita watakuwa hapa."

"Umejuaje?" Nilijua alivyojua. Nilitaka tu muda.

"Mudogo wangu iko kati yao. Amekuja kuniambia, sasa amerudi kupora na wenzake. Siwezi kukuficha. Nipe ufunguo wa firigo, nipeleke insulini Majengo."

Nilisimama na funguo mfukoni. Nilimwona akiondoka na kila kitu chenye thamani, na ndugu yake akimngoja njia panda. Miezi mitatu nilikuwa nimeandika mpango juu ya askari, na katika kila ukurasa mwizi alikuwa na uso wa Zéphirin.

"Hapana," nikasema.

Hakupiga kelele. "Basi njoo nayo. Kaa juu yake. Kama niko mwizi, utaniona."

Risasi ya kwanza ikalia upande wa uwanja wa ndege. Nikafungua firigo.

Tulijaza insulini na sindano za kichaa cha mbwa kwenye sanduku la barafu, na dawa nyingine tulizoweza kushika. Nilichukua disketi za kwenye droo, nikazifunga kiunoni. Zéphirin alimkodi mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, akapanga sanduku chini, makabeji juu. Nilikaa juu ya makabeji kama mama anayetoka Masisi sokoni. Chukudu ilinyanyuka na kuanguka juu ya mawe meusi ya lava, na mimi nilishika kabeji kwa mikono miwili kana kwamba ndilo lingeniokoa.

Karibu na njia panda askari wawili walitusimamisha. Mmoja alikuwa amebeba redio mpya ndani ya katoni yake. Alichoma makabeji kwa mtutu wa bunduki, mara moja, mara mbili. Mara ya pili nilisikia chuma kikigonga sanduku.

"Iko nini chini?"

"Ni ubao wa chukudu, afande," Zéphirin akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka tu.

Nyuma yetu duka lilivunjwa mlango, mabati yakalia. Askari waligeuka kama watoto waliosikia kengele, wakakimbilia huko. Hapo tu ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimejikojolea. Zéphirin alivua koti lake, akanipa bila kunitazama.

Chumba cha mama yake kilikuwa kimefagiliwa. Firigo nyingine ya mafuta ilikuwa tayari inawaka, ameinunua mwenyewe kwa mtu wa Birere. Alikuwa amekitayarisha tangu Novemba, hata baada ya mimi kukataa.

23 Desemba

Tumekwenda kuona depo. Mlango hakuna, madirisha hakuna, mabati yamevuliwa nusu. Mahali pa mashini kuna alama nne za miguu ya meza. Teleksi na karatasi zote zimelowa, zimekuwa uji. Disketi za kiunoni mwangu ziliingia jasho na mkojo, na hata zingekuwa nzima, hakuna mashini iliyobaki Goma yote.

Nilifika asubuhi, hakuna kitu. Nilikuwa nimeliandika hilo tangu Septemba. Nililia kidogo, ila nilikuwa nimelitegemea.

Zéphirin ndiye aliyekwenda nyuma. Alirudi mbio.

"Mama Perpétue. Chumba cha nyuma."

Kilikuwa kitupu.

23 Desemba, jioni

Wamebeba serumu mbaya. Walifikiri ni mali kama mali nyingine. Katoni nyingi zenye msalaba wa chaki zimechanwa na kutupwa, chupa ziko Birere, zimepangwa juu ya magunia kati ya sabuni na viatu, bei ya maji. Zimechanganyika na serumu nzuri za kiwanda kilekile, tulizokuwa nazo stoo. Sura moja, lebo moja, isipokuwa tarakimu kumi na moja.

Sizikumbuki. Zéphirin anakumbuka kwamba moja ilianza na saba. Namba za serumu nzuri nazo nyingi zinaanza na saba.

24 Desemba

Nilikwenda kwa daktari wa hospitali. Wauguzi wake wamenunua serumu sokoni, maana duka la dawa la hospitali nalo liliporwa. Nilimwambia azimwage zote za kiwanda kile.

"Mama, nina watu wa kuhara kumi na tisa kwenye mkeka. Nikizimwaga zote, wanakufa leo. Nisipozimwaga, sijui nani atakufa. Niletee namba."

"Ziko Gisenyi, na mpaka umefungwa."

"Niletee namba," akarudia, na macho yake yalikuwa mekundu.

Usiku wa Noeli, hakuna misa. Mama yake Zéphirin alisali rozari. Kila "Salamu Maria" niliona chupa ikidondosha.

26 Desemba, Jumamosi

Wamefungua mpaka mdogo, kivuko cha waendao kwa miguu, asubuhi kwa wanawake wa soko peke yao. Nilifunga kitambaa, nikabeba beseni tupu. Zéphirin alitaka kunisindikiza, nikamkataza: mwanaume wangemrudisha. Tukiwa mlangoni nikamwambia, "Disketi ziko kwa shangazi yangu Athanasie, Gisenyi, nyumba ya tatu nyuma ya kanisa, kopo la maziwa. Nisiporudi, tafuta njia. Karani ni Nsanzimana." Aliyarudia maneno yote mara moja, kimya kimya, akatikisa kichwa.

Nilivuka. Shangazi alinishika uso kwa mikono miwili, nami nikasema sina muda. Nsanzimana alikuwa nyumbani kwake, akavaa viatu bila soksi, akatufungulia kiwanda. Disketi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ilizunguka na mimi nikazunguka nayo. Ikafunguka. Nikaona majina yetu, zahanati zetu, katoni zetu, kana kwamba mtu amewasha taa kwenye nyumba niliyoiona imebomoka. Akaanza kuchapisha, umeme ukakatika. Tulingoja. Ulirudi, tukaacha mashine ya kuchapisha, tukanakili kwa kalamu kutoka kwenye kioo, yeye akisoma, mimi nikiandika, kisha mimi nikisoma, yeye akikagua.

Niliporudi mpakani, askari wa upande wetu alimwaga unga niliokuwa nimenunua na kunipekua. Akapata karatasi kwenye kitambaa cha kichwa.

"Namba hizi ni za nini? Unapelekea nani? Ni siri za Inkotanyi hizi?"

Kwa kusikia jina hilo la waasi wa Rwanda, wanawake nyuma yangu walirudi hatua nyuma. Nilijua watu wanaopelekwa kambini kwa kidogo kuliko hicho. Nikasikia ulimi wangu unasema ukweli mtupu, kwa sauti ambayo sikuijua.

"Ni serumu mliyobeba depo ya Birindwa. Iko na sumu. Chupa yenye namba hizi, mutu akiwekewa anakufa. Sijapeleka kwa mutu bado. Nipige ao uniachilie, lakini fanya haraka."

Alisoma karatasi. Alisoma tena. Jasho lilimtoka puani ingawa kulikuwa na baridi ya mvua.

"Namba ya kwanza, soma polepole," akasema.

Akatoa pakiti ya sigara, akaandika juu yake. Zote nne. Halafu akamkabidhi mwenzake bunduki yake na kuondoka mbio kuelekea Katindo, akiruka madimbwi, kofia ikaanguka, hakurudi kuiokota. Sijui nani alikuwa nyumbani kwake amelala na chupa mkononi. Hakuna aliyenizuia tena.

27 Desemba, Jumapili

Namba zimesomwa makanisa yote, na redio ya mapadri imezituma kwa zahanati za mbali. Daktari alipata chupa mbaya sita kwenye vitanda vyake, mbili zikiwa zimeanza kudondosha. Mwanamke mmoja aliyejifungua, homa yake haishuki.

Zéphirin alikwenda kumtafuta Paulin. Sijui walisemezana nini. Walirudi pamoja, Paulin amevimba shavu, wakipita Birere gunia kwa gunia, Paulin akionyesha watu aliowauzia yeye na waliouziwa na wenzake. Chupa mbaya tulizozipata tulizimwaga kwenye lava nyuma ya nyumba, Majengo, bila mkaguzi wala saini. Nilikata vifuniko mwenyewe. Maji yaliingia kwenye mawe meusi bila kuacha alama.

29 Desemba

Mwanamke yule amekufa. Anaitwa Eugénie. Mtoto ni mzima.

30 Desemba

Sikuandika jana zaidi ya hapo. Nilikwenda msibani na Zéphirin, tukakaa nyuma. Mume wake hatujui. Nilitaka kumwambia kwamba mtu mmoja mwezi wa kumi alisema tuzimwage na mimi nikataka saini. Zéphirin aliniwekea mkono begani. "Si leo," akasema. "Leo ni ya kwake, si ya kwako." Nitarudi kwake.

Watu wa insulini wanakuja Majengo kila asubuhi. Sijui nani aliwaambia. Wamekuja wote.

6 Januari 1993

Papa Birindwa amerudi. Amelia alipoona depo, kisha akanishika mkono mbele ya watu, "Mupango umefanya kazi!" Nilitoa mkono wangu taratibu. Nikamwambia kwamba nusu ya mpango ni ya Zéphirin, na ile nusu yangu iliua mtu. Hakujua aangalie wapi. Simwogopi patron tena. Nashangaa nilivyomwogopa.

9 Januari, Jumamosi

Hesabu ya chumba cha nyuma ilibaki na pengo la katoni tano. Leo lori la samaki limesimama mbele ya nyumba, na juu ya samaki ameshuka mama mmoja mfupi, amelowa mpaka kwenye mifupa. Ni Donatille, muuguzi wa Vitshumbi.

"Mufanyabiashara alituletea serumu, bei rahisi sana. Nikasema haiwezekani, kitu rahisi hivi iko na kitu. Halafu tukasikia redio." Akaonyesha nyuma. "Sijafungua hata moja. Nilikuwa ninawanywesha watu maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko."

Katoni tatu. Nilisoma namba, mvua ikinipiga shingoni. Za kwetu. Vifuniko vyote vizima.

Nilimkumbatia na harufu yake ya samaki, na nikashindwa kumwachia. Yeye alinipigapiga mgongoni kidogo, kisha akajitoa.

"Sawa, mama. Sasa munipatie nzuri. Lori inarudi saa nane, na niko na watoto wanangoja."

Zéphirin alikwisha kuzibeba tayari. Nilikagua kila lebo, nikaandika ziendako, Donatille akapanda.

Tulisimama barabarani mpaka lori lilipopinda.

"Bado mbili," Zéphirin akasema.

"Bado mbili."

Mvua iliongezeka. Alivaa koti, nami nikachukua karatasi ya namba, tukashuka tena Birere.